Koti la Msimu

Oktoba, Helju alishona koti la jaji:
vifungo tisa, bitana nyekundu.
Desemba, theluji ya Viljandi imeziba mlango wa nyuma,
akalifumua, likawa la mjane.
Februari akalikata mkia. Rasmus akalivaa,
akaruka nalo hata mshono wa kwapani ukaachia.
Helju akaushona usiku uleule, pini mdomoni,
akimtukana kwa mapenzi.

Mei walicheza bila vazi la kushonewa,
miguu mitupu, fulana zao za kulalia.
"Leo ukae mbele," wakamwambia.

Miaka thelathini na moja chuoni
hajawahi kuuona uso wa onyesho;
anaijua migongo tu.

Taa zikazimwa.
Vidole vyake, gizani, vikatafuta uzi uliolegea
kwenye pindo la sketi yake mwenyewe.