Faili Limechelewa Siku Mbili

Mwalimu Semkiwa,
ukurasa wa kwanza ndio ule ulioupitisha:
filamu fupi, dakika tatu, mauaji.
Kisu kilikuwa tayari, kadibodi iliyovikwa karatasi ya fedha.
Damu nilichemsha mwenyewe, rosela, chupa mbili;
moja ameinywa mdogo wangu Mbelwa
akalala usingizi wa marehemu.

Ukurasa wa pili ni utafiti wa hadhira.
Nimetembea Ngamiani, barabara ya tatu hadi ya kumi na nne,
dodoso ishirini kwapani, kalamu moja, nayo ya kuazima.
Swali la kwanza: Unapenda filamu ya aina gani?
Kumi na wanne wamesema vichekesho.
Duara la asilimia nimelichora kwa mfuniko wa sufuria,
ndiyo maana lina doa la mchuzi upande wa mapenzi.

Swali la tatu: Ni nini hukuogopesha katika filamu?
Fundi baiskeli: "Umeme kukatika kabla mwizi hajashikwa."
Mama wa maziwa alinihesabia chenji kwanza,
kisha akasema hana nafasi ya kuogopa mpaka ndoo iishe.
Mlinzi wa stesheni hakujaza. Alitaka barua yenye muhuri,
na ya kuombea muhuri, alitaka barua.
Na binti wa kashata, darasa la sita kwa kumkadiria,
alisoma swali kwa kidole, akaandika mwenyewe,
herufi zimeegemeana kama watu waliochoka foleni:
"Naogopa wakionesha nyumba kama yetu
halafu muziki unabadilika."

Nikanunua kashata tatu. Sikuzila.

Kwa sababu ukurasa wa nne, Mwalimu, mahali pa kupigia picha,
nilikuwa nimeandika: NYUMBA YA MUUAJI,
na mbele yake, mwandiko wangu: kwa shangazi Mwanamkasi, Mikanjuni.
Sababu za kuchagua: bati lina kutu. Ukuta umebanduka.
Mlango hauna rangi. Mwanga hafifu. Inafaa.
Inafaa.
Nyumba niliyojifunzia kusoma, sakafuni,
kwenye gazeti lililofungiwa dagaa.

Nilikwenda Jumamosi kumwambia filamu haipo tena.
Njiani nikayapanga maneno kama tunavyopanga picha:
ya mbali, ya kati, ya karibu.
Ile ya karibu ilinishinda.
Nakata kona ya kwake, naona buluu.

Mlango wote, buluu ya shule ya chekechea,
matone mpaka kwenye kizingiti, mpaka kwenye vidole vyake.
"Si ulisema kamera inakuja," akasema,
"nikaona itukute hivi, ni aibu.
Kopo nimekopa kwa Mhando. Usiguse."
Akaniuliza yeye atakaa wapi, na avae nini,
na hao wenzangu wa chuo watakula nini.
Hakuuliza filamu inahusu nini.

Basi ukurasa wa nne nimeuchana.
Wa tano ni ubao wa picha, mpya; samahani kwa michoro,
watu wangu wote hawana shingo.
Picha ya kwanza: mlango.
Picha ya pili: mkono na brashi, au mkono na kitambaa, sijaamua.
Picha ya tatu ni boksi tupu. Nimeliacha makusudi.
Sauti: kunguru, redio ya jirani, lori la saruji
linalopita kila robo saa na kutikisa vikombe kabatini.
Muziki: hakuna, usije ukabadilika.

Bajeti: elfu kumi na moja na mia tano,
rangi ikiwemo, maana deni la Mhando ni la mradi huu.
Hadhira: asilimia sabini watalalamika hakuna cha kuchekesha.
Nimeandika hivyo hivyo, sikupunguza.
Hadhira nyingine: mmoja, anauza kashata;
dodoso lake nimelibana mwishoni kwa pini.

Kuhusu tarehe, naomba Jumatano.
Jana niliupima mlango kwa kidole cha mwisho,
pembeni, pasipoonekana.
Bado unanata.