Kabla ya Kupanda Tena

Usisimame upesi.
Hivyo ndivyo nilivyopaswa kujiambia
pale Burgstraat, mjini Ghent, manyunyu yakishuka,
gurudumu la mbele limemezwa na reli ya tramu.
Nami nikasimama upesi, kwa haya tu,
nikamwambia muuza maua, "Si kitu, si kitu,"
huku damu ikitafuta njia ya soksi.

Bi Godelieve wa ghorofa ya chini
hakuuliza baiskeli iko wapi.
Aliuliza leo siku gani, jana nilikula nini,
akanimulika machoni kwa tochi ya simu,
kisha akakaa nami mpaka saa nne usiku
akisimulia, kwa urefu, figo za paka wake.

Siku tatu baiskeli ikanuna ukumbini,
shingo imeigeuza upande kama iliyosengenywa.
Ya nne, nikaipindua miguu juu.
Gurudumu likapepesuka kama mlevi:
likigusa breki, likiacha, likigusa.
Spoki nikazidonoa kwa ukucha, moja moja;
zote ziliimba, mbili zikakohoa.
Nikapitisha kidole chini ya fremu, vyuma vinapokutana,
taratibu, kama mwanamke atafutaye uvimbe.
Rangi haikubanduka. Hakuna mshono uliofumuka.

Fundi Wannes akatia spoki mbili mpya,
akabana breki hadi ikalalama,
akasema, "Huyu amepona. Wewe je?"

Nikacheka. Kichwa sikukigonga,
nimekwisha kumwambia kila mtu.
Akaitwaa helmeti yangu, akaipindua kama bakuli,
akakiweka kidole changu juu ya ufa
mwembamba kama unywele wa mtoto.

Nilikuwa nimeanguka na mimi mwenyewe sina habari.

Mwenda pole hajikwai, husemwa.
Mimi nilikuwa nakwenda pole.
Reli haisomi methali;
haijali mwendo, inajali pembe:
ikate mraba, au ikukate.

Jumapili nikarudi, helmeti mpya ikinuka duka.
Muuza maua akanitambua, akainamia ndoo zake.
Nilikusudia kuvuka nimeketi, mraba, kichwa juu.
Magoti yakakataa.
Basi nikashuka, nikaikokota
juu ya reli ya kwanza, juu ya reli ya pili,
na tramu ikanipigia kengele, ikangoja.

Ng'ambo nikakalia tandiko,
mguu mmoja bado uko chini,
nikahesabu hadi kumi,
kisha, kwa kuwa hakuna aliyeniharakisha,
hadi kumi tena.