Kishimo cha Nne

Mama hununua nta pale Isevya,
nta chafu, yenye miguu ya nyuki na vipande vya gome.
Huiyeyusha, huichuja kwa gunia,
na kabla hajamlipa mtu wa Sikonge hata shilingi
huipasua kwa kidole gumba, huinusa,
husema: Hii umechanganya. Irudishe.

Mwanamke wa namna hiyo
alitundikiwa dripu sita bila kuonjeshwa,
dawa ile wapewayo wote.
Nywele zikaondoka, kucha zikawa nyeusi,
uvimbe ukabaki palepale, titi la kushoto,
kama mpangaji aliyemfukuza mwenye nyumba.

Daktari Nkwabi akasema: Tukate kipande,
kiende Mwanza kingali hai.

Kingali hai.
Kitu kinachomla mama yangu
nikipakate, nikitunzie baridi,
niombe kisife njiani.

Alfajiri, boksi la barafu mapajani.
Nzega, jirani yangu akagonga mfuniko:
"Asali ya Tabora hiyo? Lita bei gani?"
Nikamwambia imeshapata mwenyewe.
Tinde, pancha, dakika arobaini juani.
Nikaliinamia boksi kama anyonyeshaye,
nikimwombea adui uzima.

Maabara kulikuwa na kijana wa Kasulu, Ntakije,
glavu za buluu, macho ya asiyelala.
Akanionyesha sahani ya plastiki,
vishimo safu kwa safu, vyembamba.
Nikacheka. Akashangaa.
"Ni sega," nikamwambia. "Mmetengeneza sega."
Akaligeuza geuza kwenye mwanga.
"Basi kila tundu tutatia chembe za mama,
na kila tundu dawa yake.
Siku tano. Kisha tutachungulia kwa hadubini
nani kafa, nani anatucheka."

Nyumbani, mama alikuwa anakwangua sufuria.
Sijapata kumweleza jambo likamwingia upesi hivyo.
"Kwa hiyo safari hii wanagonga mzinga kwanza."
Ndiyo, mama.
"Baba yako aligonga. Ya kule juu ya mninga
aliipa moshi wa mavi ya ng'ombe,
ya bondeni, moshi wa magome.
Wapulizao moshi mmoja mizinga yote
hushuka na nyuso zimevimba."
Akarudi kwenye sufuria yake.

Simu ililia Jumatano.
Kishimo cha kwanza: zinaishi.
(Hiyo ndiyo dawa iliyozila nywele.)
Cha pili: zinaishi.
Cha tatu: zimepungua, si sana.
Cha nne: kimya.

Kisha Ntakije akashusha sauti.
"Dada, kishimo si mtu.
Hakina ini. Hakina usiku.
Usimwambie kapona.
Mwambie tumepata pa kuanzia."

Nilimwambia yote, hata hilo la ini.

Dawa ya nne haikuwepo Tabora.
Ilikuja kwa basi lilelile, kwenye boksi lilelile,
na bei yake ilikuwa nta ya msimu mzima,
magunia niliyoyahesabu mara tatu
nikidhani nimekosea.

Leo imetundikwa. Haina rangi, haina haraka.
Mama anaikazia macho
kama amkaziavyo muuzaji mgeni.
"Na nyuki wema," anauliza, "hao itawajuaje?"
Nesi anarekebisha mrija, hajibu.
Mama anajiinua kidogo kitini,
ananyoosha mkono usio na sindano,
anaigonga chupa kwa ukucha mweusi,
mara mbili,
anatega sikio.