Kumjibu Manana

Uliniuliza jana, Manana, mikate miwili kwapani,
foleni ikikanyagana nyuma yako kwa baridi:
"Wako unamzuiaje?"
Nikakurudishia chenji. Jibu sikukurudishia.
Leo theluji imeifunga Kutaisi yote,
tanuri linaunguruma peke yake,
basi nikujibu.

Nilizuia kwanza.
Nilificha simu ndani ya pipa la unga wiki tatu,
nikajiona jemadari.
Nestani alinuna siku mbili, ya tatu akaanza kuimba,
nami mjinga nikafurahi.
Kumbe yuko chini ya ngazi, karibu na mabomba,
na simu ya binamu yake Gocha,
na alichojifunza wiki zile tatu
ni kunificha kwa ustadi zaidi.

Simu ikatoka, unga umejaa kitundu cha chaja.
Nikamwambia, "Nifundishe huo mchezo wako."
Akanitazama kama ng'ombe aliyeomba kalamu.
Nilijenga nyumba, nikasahau mlango,
nikajifungia ndani, nikashindwa kutoka.
Alicheka hadi kwikwi ikampata.
Tukawa hivyo kila Jumapili, mimi na vidole vyangu vinene,
yeye na "Siyo hapo, Mama! Siyo hapo!"

Jumapili ya tano au ya sita, sikumbuki,
akaniuliza bila kuinua macho:
"Mama, kwa nini huyu mwenye picha ya paka
anataka kujua unatoka saa ngapi?"
"Paka gani?"
"Rafiki yangu. Ana miaka kumi na miwili."
"Ukamjibu nini?"
"Saa kumi alfajiri."

Manana,
miaka kumi na tisa naingiza kichwa katika tanuri hili,
uso wangu haujawahi kuungua vile.
Ukelele ulishafika kooni.
Nikaumeza, mzima mzima, na miba yake,
maana nilijua: nikipiga kelele sasa,
hili ndilo swali la mwisho nitakaloulizwa.
"Wewe unadhani kwa nini?"
Akatafuna ukucha.
"Labda si mtoto."
"Labda."

Tukasoma pamoja tangu mwanzo, miezi mitatu ya maneno.
Kwanza sifa: paa lako zuri, rangi zako nzuri.
Kisha sarafu za mchezo, zawadi tu.
Kisha, kwa upole, kama mtu anayefunika mtoto blanketi:
*Usimwambie mama. Atakunyang'anya simu.*

Hapo nilinyamaza muda mrefu.
Alipata wapi neno lile?
Nilimpa mimi. Nililiandaa mwenyewe
ndani ya pipa la unga.

Tulipiga picha maneno yote kabla ya kumfungia njia.
Polisi, kijana mmoja, Tsotne, aliandika kila kitu
na hakumkaripia mtoto hata mara moja; kwa hilo
nitampa mkate bure hadi nife.
Wamempata? Sijui.
Dada yangu sasa hulala kwetu, nami nikitoka
najaribu kitasa mara tatu,
nafika kona, narudi, najaribu tena.

Unakumbuka Nestani alipokuwa na miaka minne,
akizungukazunguka hapa miguuni petu?
Sikulijengea tanuri ukuta. Ningeoka wapi?
Nilikishika kiganja chake nikakisogeza taratibu:
hapa joto, hapa joto zaidi, hapa, unaona, basi.
Mkono wangu ulikuwa chini ya wake wakati wote.
Ule wa simu niliutoa mapema mno,
nikidhani skrini haina moshi.

Sina dawa, Manana. Na yapo mambo
ambayo hata sasa haniambii, najua,
naisikia ile kimya yake ya kugeuza simu kifudifudi.
Njoo Jumapili na wako. Njoo na chaja.
Nyumba yangu bado haina mlango;
Nestani anasema tuanze na dirisha,
nimwone anayebisha.