Kituo cha Sita

Fomu iliuliza: unatembea, au unajitolea?
Weka alama moja tu.
Nikaweka kwenye kujitolea.
Nina goti la kushoto lisiloaminika,
na mama nilimwahidi kurudi kabla ya adhuhuri.

Kilomita ya ishirini na moja, kati ya Ibra na Mudhairib:
hema nyuma ya kituo cha petroli,
ndoo mbili za barafu, machungwa yaliyokatwa robo,
tende kwenye sinia la harusi la Bi Shinuna
alilonikabidhi mbele ya mashahidi,
sinia na mfuniko wake.

Saa kumi na moja alfajiri, Januari, milima
bado myeusi kama masufuria yaliyofudikizwa.
Lisama, nesi wa Kerala, alipanga plasta kwa ukubwa
kama mtu apangaye karata,
akaniuliza kwa Kiarabu cha wodini: wataanza kufika lini?
Nikamwambia, watafika wakicheka.
Wakinyamaza, ndipo kazi imeanza.

Wa kwanza walipita kama waliosahau jiko linawaka,
maji hawakuyataka.
Kisha walimu. Kisha mzee aliyekunja kanzu magotini,
viatu vya mwanawe miguuni, vikubwa kwa kidole.
Alikula tende saba, akazihesabu kwa sauti.
Kila kilomita shemeji yake kamwekea riali mbili,
na shemeji mwenyewe bahili.
"Leo namfilisi," akasema, akaondoka.

Riali zote ni za basi.
Basi lenye ngazi ya umeme, liwazungukie wagonjwa wa figo
vijijini, mara tatu kwa wiki, hadi kwenye mashine.
Ami yangu alipanda pikapu za watu miaka minne,
mkono wa sindano kaushika kwa mkono mwingine
kama aliyebeba yai la jirani.
Hilo sikumwambia mtu. Nilikata machungwa.

Saa nne jua likaacha adabu.
Wakaja wenye malengelenge, wenye kuchechemea,
mwanamke mmoja akilia bila kujua kama analia.
Bi Shinuna, mzaliwa wa Wete, hakuinuka kitini;
kila mmoja alimpa neno lile lile:
Pole.

Kijana wa Kibulushi akauliza maana yake.
Nikajaribu kwa Kiarabu, nikakwama.
Si samahani, hakuna aliyekosa.
Si dua, ingawa zimekaa jirani.
Ni kumshikia mtu upande mmoja wa mzigo
bila kunyoosha mkono.
"Basi hata mimi nipe," akasema.

Namba mia tatu na kumi na saba, Raya,
mwanafunzi wa chuo, aliketi akashindwa kusimama.
Kisigino kimechunika, soksi imeganda damu.
Lisama akatikisa kichwa.
Raya akafungua pini nne, moja moja,
akanitazama. Si usoni. Viatuni.
"Zimebaki tisa. Shangazi zangu wameshalipia zote."

Goti langu lilisikia kabla yangu.

Kilomita tisa sitazisimulia. Nyingi zilikuwa lami.
Mbuzi alinisindikiza kipande, akaona hakuna faida.
Mama alipiga simu mara tatu.
Ya ishirini na nane niliitukana barabara,
kisha nikaiomba radhi, maana ndiyo niliyokuwa nayo.
Na huko, bila kutafuta, nikagundua:
pole moja ni ya kufariji,
pole mbili ni mwendo.
Mguu wa kulia, pole.
Wa kushoto, nao, pole.

Mudhairib, mtoto mwenye medali aliniuliza jina.
Nikamtajia namba.
Kompyuta ikaandika: Raya, saa tisa na dakika arobaini.
Mimi simo popote, ila kwenye orodha ya maji.

Gari likanirudisha hemani.
Bi Shinuna akaliangalia goti, limevimba kama boga,
akanipa neno langu, lote, bila kulipunguza.
Kisha akasema:
"Na mfuniko?"