Jiwe la Kwenye Buti

Lilikuja na gari, chini ya tairi la akiba,
limefungwa gazeti la herufi zinazosimama wima
kama watu kwenye foleni ya benki.
Lugano, muosha magari wa Chang'ombe,
alikwisha kulipa kazi: kigingi cha gurudumu.
Nikamwambia, niuzie. Akacheka.
"Jiwe, fundi? Dar nzima hii hujaona jiwe?"
Nimeona. Kunduchi wanayavunja kwa nyundo, wanauza kwa ndoo.
Elfu tatu na soda.

Nikalipeleka Keko, kwenye vitanda na makabati,
nikapangusa vumbi la mninga, nikaanza na sikio.
Lining'inize kwa vidole viwili, ligonge kwa ukucha:
kinoo cha kiwandani husema ndu,
hili lilisema nge, fupi, kama kikombe cha kahawa.
Kisha maji. Kinoo cha Kariakoo, kile chenye sura mbili,
hunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi.
Hili lilikaa na tone lake mgongoni
mpaka nikamaliza kufunga kamba za viatu.
Kisha ulimi (ndiyo, nililiramba, Chande akanitazama)
na halikunishika. Likatoa harufu
ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi.

Chini lina ganda, rangi ya kutu na samli,
na makovu ya patasi ya aliyelitoa mlimani.
Muhuri wa wino umefutika; imebaki
nusu ya herufi, kama mguu wa kuku.
Mlima gani? Sijui. Sitajifanya najua.
Na pembeni uzi mmoja mwekundu, mwembamba:
huo ndio adui, huo huchana chuma.
Niliuchokoa kwa sindano ya cherehani,
jioni mbili, nimeinama kama mtoa funza.
Mbavu zake nikazipaka rangi ya kucha ya shemeji Sikudhani,
nyekundu ya harusi, maji yasipenye kwenye matabaka yakalipasua.
"Na hereni utalivisha?" akauliza.

Ila katikati palikuwa na bonde.
Si la ajali. La mkono.
Limezama zaidi kushoto: mtu aliyeegemea upande mmoja, miaka,
pengine bega bovu, pengine dirisha lilikuwa huko.
Ukinoa bondeni, makali hutoka yamebinuka
kama mdomo wa aliyesusa.
Dawa inajulikana: kioo, msasa, maji,
saga mpaka uso ulale sawa.
Yaani kumfuta.

Siku nne nikalipita kama ninayedaiwa.

Chande, asiye na subira na marehemu wa watu,
akasema: "Angekuwepo angelisaga mwenyewe.
Bonde si kumbukumbu. Bonde ni uvivu."
Nikacheka. Halafu nikasaga.
Likatoa uji mweupe, mzito, wa muhogo,
ukateremka sakafuni kuelekea mfereji.
Niliacha kona moja, upana wa dole gumba.
Sikumwambia mtu.

Sasa asubuhi, kabla jenereta ya jirani haijaamka,
natia maji kidogo, nalaza kisu cha randa,
kile kilichofuliwa Buguruni kwa springi ya lori.
Kinoo cha dukani hupiga kelele; hili
linanong'ona kama anayehesabu hela za watu.
Uji unageuka mweusi: chuma kimekubali.
Usiumwage. Humo ndani punje zinavunjika,
zinakuwa ndogo, ndogo tena, na hizo ndizo zinazonoa.
Usikandamize. Ukikandamiza linakataa.
Na chuma hakitoki kikimetameta, hutoka na ukungu,
kama dirisha la jikoni wali unapokauka.

Jana randa ilivua ngozi ya mninga, nyembamba,
nikaitandaza juu ya lile gazeti.
Herufi zikaonekana chini yake,
zimesimama, bado kwenye foleni.
Sijui zinasubiri nini.