Kabla ya

Mjomba Elinami yuko juu ya mawingu
na ndiye anayesubiriwa aseme.
Sebuleni kwetu, Kipunguni,
simu ya mama imeegemezwa kwenye jagi la ukwaju,
kioo kikiwaelekea wageni,
nao wanakitazama kama mlango wa daktari.

Mimi niko chumbani na shangazi na feni mbovu.
Pembeni ananiandikia mimi,
kwani ni mimi niliyemfundisha kubonyeza "nunua".

Jana usiku, akitoka Guangzhou,
alilipa dola kumi na tisa:
*ni ya safari nzima, Nakiete, nitakuwa nanyi hadi Dar.*
Akatuma picha ya bawa. Akatuma picha ya wali.
Akaniuliza kama baba wa kijana
hucheka kwa meno au kwa tumbo.

Asubuhi akabadilisha ndege,
na ndege ya pili haikumtambua.
Safari, kumbe, kwa lugha ya kampuni,
ni kiti kimoja na mkanda wake;
ukishuka ngazi imekwisha,
hata kama begi lako bado linaendelea.
*Wezi wenye tabasamu,* akaandika,
na akalipa tena, safari hii dakika sitini tu,
maana makasha yake ya kava za simu
bado yanadaiwa ushuru bandarini.

Dakika sitini.
Sala ya kufungua ikala nane.
Utambulisho wa ukoo wao, kumi na saba,
kwa kuwa kila baba mdogo alitaka asimame.
Soda ikamwagika zuliani, dakika tisa
za kupanguza na kuambiana "si kitu, si kitu".
Blanketi la bibi, ambalo lina historia yake,
ishirini na mbili.

Ndipo mshenga, Bwana Senkondo, akataja kiasi,
akakitaja tena kwa sauti ya chini
kama bei ya pili ya Kariakoo.
Baba akaiinamia simu:
"Shemeji, tunakusikiliza."

Anaandika.
Ameacha.
Anaandika.

*Mimi nasema msikubali kitu chochote kabla ya*

Tukangoja.
Baba akaitikisa simu, akaipeleka dirishani,
akaielekeza juu, kana kwamba mtu angeonekana.

Kabla ya nini?
Kabla ya ng'ombe wawili kuongezwa, alisema baba.
Kabla ya kuona vyeti vyake vya chuo, alisema shangazi
kupitia pazia, ingawa hakuulizwa.
Mama akasema labda kabla ya Ijumaa.
Bwana Senkondo, mtu aliyeoza wengi,
akasema: kabla ya kula.
Basi pilau ikaletwa,
na baada ya pilau hakuna aliyekuwa na ubishi.
Vigelegele vikanipita juu
kama zinavyopita kila siku ndege juu ya bati letu
zimebeba watu nisiowajua.

Saa mbili usiku bati likatetemeka.
Nikajua ni yeye.
Dakika tano, kisha simu yangu ikalia mara nyingi mfululizo,
vyote vilivyokwama angani vikishuka kwa bando la Dar
la shilingi mia tano:
bawa jingine, kikombe cha chai,
*hawa jamaa wananidai tena,*
*mnanipata?*
*mnanipata?*
na chini kabisa,

*kumuuliza Nakiete mwenyewe.*

Bahasha iko kabatini, imefungwa kwa mpira.
Mama anasugua sufuria, anaimba puani.
Mjomba sasa yuko kwenye foleni ya mizigo;
kutoka pale hadi hapa ni dakika ishirini,
barabara ikikubali.

Nimeandika, nimefuta.
Nimeandika *Mjomba,* na mkato.
Salio ninalo, la wiki nzima.
Sina neno la kuanzia.